Urithi Unaopita kwa Jirani

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mtoto wa kiume hakukulia kijijini kwa baba yake. Akifikisha miaka kumi hivi, alitoka na marika wenzake wakajenga vibanda vyao pembeni, kijiji chao wenyewe. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, lakini kulala walilala kwao, na kijiji hicho hicho ndimo walimokuja kuoa na kuzeeka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku Rungwe na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliitolea desturi hiyo kitabu kizima mwaka 1951. Ng'ombe walirithiwa ndani ya ukoo. Adabu na akili ya kuishi na watu mtu alizipata kwa marika.

Bakteria naye ana urithi wa namna mbili. Kromosomu huipata kwa mzazi, seli inapogawanyika. Plasmidi, jina lililotolewa na Joshua Lederberg mwaka 1952, ni kipete kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu, na hicho huweza kutoka kwa jirani. Seli moja hunyoosha kijiuzi, humvuta mwenzake, kisha uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA ya kipete hupenyezwa upande wa pili. Kila mmoja hujijazia uzi uliopungua, na mtoaji hapungukiwi kitu. Jirani si lazima awe ndugu, wala wa aina moja. Zile plasmidi ndogo kabisa, zenye herufi elfu chache tu za DNA, hazina hata vifaa vya kusafiria. Hudandia safari za wakubwa. Wajanja hao.

Mzigo wenyewe mara nyingi ni usugu wa dawa. Jeni mojawapo inayoshinda tetrasaiklini hujenga pampu ya kuitapika dawa nje ya seli. Jeni za CTX-M, zinazoivunja dawa ya seftriaksoni, asili yake ni kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa majini na udongoni ambaye ni nadra kumuuguza mtu. Zikapanda plasmidi. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kuzikuta kwa bakteria waliotoka katika damu ya watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili, na baadaye zikaonekana Bugando, Mwanza.

Sasa, jeni hizo anazopewa jirani ni zawadi? Tumezoea kuitafuta maana ya zawadi moyoni mwa mtoaji, na bakteria hana moyo. Plasmidi nyingine humfunga mwenyeji kabisa: humtengenezea sumu inayodumu na kiuasumu kisichodumu, hivyo mtoto wa seli akizaliwa bila plasmidi, sumu iliyobaki inammaliza. Isitoshe, pasipo na dawa, kipete ni mzigo wa kulishwa bure, na wasio nacho huweza kuwapita walio nacho. Dawa ikimwagwa, wasio nacho wanakufa na mzigo unageuka mali. Kwa maoni yangu, thamani ya urithi huu haiamuliwi na anayetoa wala anayepokea. Inaamuliwa na mazingira, na mazingira hayo, siku hizi, ni sisi wenye chupa ya dawa mkononi.

Tazama banda moja hapa Tukuyu. Ng'ombe wa maziwa kafungiwa ndani, anakatiwa majani. Kiwele kimevimba robo moja, maziwa yanatoka na mabonge. Mwenye ng'ombe anaminya dawa ndani ya chuchu. Maziwa hayo hayauziki mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe, na kuyamwaga kunauma, basi anapewa ndama. Tumboni mwa ndama, dawa kidogo isiyotosha kuua wote inakuta bakteria kwa mabilioni, wamebanana bega kwa bega. Samadi yake kesho iko migombani, na mvua ya Rungwe hatuulizi itaipeleka wapi.

Neno la "ng'ombe wangu, dawa yangu" halina mashiko, kwa kuwa kinachotengenezwa mle bandani hakimjui mwenye banda. Mfugaji mwenzangu, mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa, maliza dozi aliyokuandikia, na maziwa ya siku za katazo usimpe ndama.