Taka za Nyumbani na Mpaka wa Dhima

Swali la iwapo dhima ya mwenye mali, yaani wajibu atakaoulizwa juu ya kitu chake, hukoma pindi anapokitupa, linajitokeza katika ndoo ya taka inayojaa kila wiki Diani na Msambweni, kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Jiko la jadi la Wadigo, wenyeji wa huko, lilitoa mabaki ambayo mengi yalikuwa na pa kwenda, kwani machicha ya nazi yalipewa kuku, vifuu vikawashiwa moto na maganda ya muhogo yakaliwa na mbuzi. Leo zimeongezeka nepi za kutupwa na chupa za plastiki, ambazo zikichomwa uani moshi wake humfikia jirani asiyezinunua.

Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha israfu, yaani kupita kiasi katika kilicho halali, na tabdhiri, yaani kutumia mali pasipostahili, ambayo Kurani inaikemea katika Sura ya Al-Israa. Hukumu hizo, hata zikihubiriwa kila Ijumaa, humtazama zaidi mtu anapotumia kuliko anapotupa, na ndiyo maana kanuni ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inayokataza kumdhuru mwingine inafaa zaidi hapa.

Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka, na kwamba sheria ya 2022 ya usimamizi wa taka inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Hata hivyo, anayetupa nepi mtaroni katika mji wa Ukunda, pwani hiyohiyo, hata akiwa amelipa ada zote za kaunti, bado anadaiwa na jirani yake.