Nani Anaibiwa Katika Mtihani?



Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Aru alimaliza shule ya sekondari, akataka kufanya mtihani wa kuingia shule ya udaktari. Muda wa miezi mitatu tulimwona kila jioni karibu na taa, kitabu cha Kifaransa magotini, akisoma jinsi mwili wa mwanadamu unavyofanya kazi: moyo, mapafu, figo, utumbo. Mama yake aliuza mbuzi wawili sokoni Ariwara ili apate nauli na ada. Kisha siku moja kijana alitujia amejaa mashaka. Mtu fulani alikuwa amemwahidi kumwuzia maswali kabla ya siku ya mtihani. Akatuuliza: "Mwalimu, nikiyanunua, nitakuwa nimemwibia nani? Majibu nusu ninayajua tayari. Na wenzangu watanunua."

Tusimkaripie upesi, maana hoja yake ina nguvu. Tukiiba kuku, mwenye kuku yupo, naye atalia. Bali aliyenunua maswali haoni mtu akilia. Ndiyo sababu dhamiri hulala. Basi yafaa tumtafute huyo anayeibiwa.

Tulimwomba kijana afungue ukurasa wa utumbo mwembamba. Akatusomea ya kwamba katika ukuta wa utumbo sukari na chumvi huingia pamoja kwa mlango mmoja, na maji huzifuata. Ni mstari mmoja tu. Katika mtihani labda utampatia alama moja, au usiulizwe kabisa. Lakini tuone thamani yake. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji mengi sana kwa kuhara, hata akafa kwa saa chache. Walakini mlango ule wa sukari na chumvi haufungiki. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walivuka mpaka wakaingia India, na kipindupindu kikawashika katika kambi ya Bangaon. Maji ya kutia mishipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Palipokuwa pakifa watu kama 30 katika kila 100, wakawa hawafiki 4.

Hata leo mama wa kijiji aweza kufanya hivyo, kama hana pakiti ya dawa ya zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sasa fikirini mtu aliyekariri bila kufahamu, akageuza vipimo, chumvi 6 na sukari nusu. Maji hayo yaweza kumwua mtoto yule yule aliyekuja kuokolewa.

Huyo basi ndiye anayeibiwa. Ni mtoto ambaye pengine hajazaliwa bado, atakayeletwa usiku mgongoni mwa mama yake, baada ya miaka kumi, mbele ya daktari mwenye cheti. Mama hataweza kukipima cheti kile. Atakiamini. Mwenye kununua maswali amechukua imani ya mama huyo kabla hajaonana naye.

Wengine watasema: "Nchi yetu yahitaji madaktari wengi, tusiwe wakali." Ni kweli twawahitaji. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Lakini tukumbuke lililofanyika. Wasaidizi wa waganga, waliokuwa wamehudumia wagonjwa kwa miaka, walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo. Hawakupewa jina la daktari kama zawadi, ijapokuwa haja ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Walirudi darasani.

Tena kuna hasara ya pili, nayo ni ya mnunuzi mwenyewe. Mwaka 1665 Niels Stensen, mtu wa Denmark, aliitwa kuwasemea wataalamu wa Paris juu ya ubongo. Alianza kwa kukiri mbele yao kwamba hajui kitu juu yake. Mtu huyo ndiye aliyeonyesha kwamba moyo ni msuli. Baadaye akawa Mkatoliki, kisha askofu, na mwaka 1988 akatangazwa Mwenye Heri. Kukiri "sijui" hakukumpunguzia heshima. Bali aliyeingia shuleni kwa kuficha ujinga wake, siku gani atathubutu kusema "sijui, tumpeleke mgonjwa kwa anayejua zaidi"? Atauficha hata kitandani pa mgonjwa.

Sisi makatekista twalijua jaribu hili. Mara ngapi tumefurahi watoto wakijibu swali la katekisimu neno kwa neno, kumbe hawakuelewa kitu, nasi tukanyamaza ili padri atusifu! Kwa hiyo tulimwambia kijana: "Kila ukurasa unaousoma kwa Kifaransa, mweleze mama yako kwa Kilugbara. Akielewa, umejua. Asipoelewa, rudi kitabuni."

Na wenzake wakinunua? Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba aweza kukosa nafasi, na mwingine asiyestahili akaipata. Hatuwezi kuahidi ya kuwa mwenye haki hufaulu sikuzote hapa duniani. Wala mzigo huu si wa vijana peke yao. Sisi wazazi na walimu tunaotoa fedha za kununulia, au tunaojua na kunyamaza, tumeshika mkono wa mwizi.

Kijana hakununua. Mwaka ule hakupata nafasi. Alilia, nasi tulihuzunika pamoja naye, wala hatukuwa na neno zuri la kumwambia. Baada ya majuma machache alikifungua tena kitabu, kwa kujiandaa kwa mtihani wa mwaka uliofuata. Na mama yake, asiyejua kusoma, siku moja tulimkuta kisimani akiwaeleza wanawake wenzake kwa nini chumvi bila sukari haitoshi, na kwa nini vipimo visigeuzwe. Walimsikiliza kwa makini, maana wote wana watoto.