Mtondogoo

Mjukuu wangu ana tabia ya kuupiga picha ubao wa matangazo wa chuo chao na kunitumia kwa WhatsApp bila salamu, kama mtu anayewarushia kuku mahindi. Yuko mwaka wa pili Kaimosi, chuo cha Marafiki, yaani Wakweka. Mimi niko Navakholo, mwalimu mstaafu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, mwenye ng'ombe wawili na miwa ya ekari moja na nusu. Picha ya majuzi ilikuwa na karatasi tatu: mhadhara wa umma, usiku wa michezo ya kuigiza, na voliboli ya wanawake. Juu ya zote mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: MATUKIO YAJAYO.

Maneno hayo mawili yalininyima usingizi. Msinicheke. Nilifundisha miaka mingi kwamba hayawezi kulala kitanda kimoja.

Aliyenifundisha mimi ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa Kitui, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika tulikibeba chuoni kama Biblia ya pili. Wakati huo alikuwa akifundisha Makerere. Hoja yake ni kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni matukio yenyewe. Pasipotukia kitu, hapana wakati. Lililotukia lipo, linalotukia lipo. Lijalo halijatukia, basi litakuwaje sehemu ya wakati? Vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu alivyovichunguza vilimpa wakati ujao wa miezi sita hivi, miaka miwili ukiuvuta sana. Kwa hesabu hiyo, kusema "tukio lijalo" ni kama kusema "mwanangu ambaye sijamzaa".

Kuzitaja pande mbili za wakati alizoziona, Mbiti aliazima maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Nilikuwa nikiyaandika ubaoni bila wasiwasi, mpaka msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyelelewa Mombasa, akainua mkono. "Mwalimu, kama alikuja kuazima kwetu, mbona aliliacha mtondogoo?" Sikulijua neno hilo. Akanihesabia kwa vidole: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne mbele, na kila moja ina jina kabla jua lake halijachomoza. Nilimwambia akae chini. Mwalimu aliyeshindwa hujua amri hiyo vizuri.

Sikuhitaji kwenda Mombasa kumbishia Mbiti. Ng'ambo ya mto Nzoia, Wabukusu wana majina manane ya marika ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha hurudi mwanzo, mzunguko unaokaribia miaka mia moja. Kuna mvulana ambaye hata babu yake hajazaliwa, na jina la rika lake linamngoja. Lakini Mbiti hakuwa mtu wa kunaswa upesi. Angejibu kwamba linalofuata mwendo unaojulikana, kama mvua na mavuno, hilo alilipa nafasi; ni wakati unaowezekana. Miwa yangu nayo ingeangukia humo. Nikiipanda leo, najua baada ya miezi kumi na minane hivi itakuwa imekomaa. Malipo yake ndiyo yasiyofuata mwendo wowote wa maumbile, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Voliboli je? Hakuna mvua inayoleta voliboli. Hakuna mwezi mwandamo unaoleta mhadhara. Vitu hivi havina mzizi popote isipokuwa katika neno la mtu aliyesema, "Njooni siku fulani, mtatukuta." Kwangu mimi, kile ubao unachokiita tukio ni ahadi, na sijui kama ahadi ni suala la wakati au la uaminifu.

Mwaka 2020, korona ilipofunga vyuo vyote nchini mwezi wa tatu, kitindamimba wangu alikuwa akisoma kwingine. Baada ya miezi mingi tulikwenda kuchukua godoro lake. Ubaoni karatasi zilikuwa zingali zimebandikwa, jua limezigeuza njano, zikitualika kwenye mashindano na sherehe ambazo hazikuwahi kuwa. Nilisimama pale nikamkumbuka Mbiti, nikaona kama ananikonyeza.

Hapo ndipo watu humwita Yakobo. Katika waraka wake aliwakemea wafanyabiashara waliojipangia mji wa kwenda, mwaka wa kukaa na faida ya kupata, akataka waseme kwanza Bwana akipenda. Naona hakuwakataza safari. Aliwakataza kuishika kesho kama mali yao. Ila sisi hapa sokoni tumeliharibu neno hilo. Fundi akikuambia "Mungu akipenda" kuhusu sare ya mtoto, anza kutafuta fundi mwingine. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902, na ambao chuo kilichopata hati yake mwaka 2022 kinabeba jina lao, wana msimamo nilioupenda tangu utotoni: hawali kiapo. Ndiyo yao iwe ndiyo tu. Ukifikiri vizuri, karatasi ile ubaoni ni ndiyo ya namna hiyo, imeshikwa na pini nne.

Na ahadi hula kabla haijafika. Mjukuu wangu ataigiza mama mkwe. Wiki mbili hizi ananipigia simu usiku: Kukhu, mama yako alikuwa akikohoaje alipotaka mgeni aondoke? Kukhu, alikuwa akikikataaje kikombe cha chai? Nimekohoa kwenye simu mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mchezo haujachezwa, na tayari kikohozi cha marehemu mama yangu kiko Kaimosi kikifanya mazoezi. Mbiti angekiweka wapi, Sasa au Zamani? Laiti ningemuuliza kabla hajafariki mwaka 2019.

Leo ni Jumanne. Nauli ya Kakamega na ya kuunga Chavakali nimeiweka chini ya Biblia. Nimemwomba jirani aje kunikamulia ng'ombe mtondogoo. Akaniuliza ndiyo lini. Jumamosi, nikasema, Mungu akipenda. Akasema kwa upande wa Mungu hana wasiwasi, anachotaka kujua ni kama nitamwachia sukari.