Sarafu Ina Dhambi Gani?

Ukimwuliza konda wa daladala sarafu ni nini, atakucheka. Si chenji tu! Lakini wapo watu ambao hawanunui kitu kwa sarafu, wananunua sarafu yenyewe. Wanaichunguza mwaka wake, ilitengenezwa wapi, imechakaa kiasi gani. Siku hizi wanauziana kwa intaneti, mmoja yuko Boston, mwenzake Moscow, wala hawajawahi kuonana. Sasa serikali zao zikiwekeana vikwazo vya biashara, hawa wafanyeje?

Nianze na sarafu ya huku kwetu Afrika. Krugerrand ya Afrika Kusini ilianza kutengenezwa mwaka 1967. Ina wakia moja ya dhahabu. Upande mmoja mzee Kruger na ndevu zake, upande wa pili swala. Haikutengenezwa ili Mzulu akanunulie mkate, jamani. Ilikuwa ya kuwauzia wenye akiba, wengi wao wa ng'ambo, na dhahabu yake ilichimbwa na watu weusi, wengine kutoka Msumbiji, Malawi na Lesotho, waliolala mabwenini mbali na wake zao. Oktoba 1985 Rais Reagan alipiga marufuku kuiingiza Marekani, marufuku iliyodumu mpaka 1991. Mimi nasema ilikuwa haki, tena ilichelewa. Wakati ule vijana wa ANC walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro, kwa sababu kwao hapakaliki, na chama chao chenyewe ndicho kilichoomba dunia iweke vikwazo. (Mwaka uliofuata, 1986, Marekani ikaanza kuuza sarafu yake yenyewe ya dhahabu. Haya, tuseme ni bahati.)

Lakini hapo pana jambo. Krugerrand zilizokwisha kuingia Marekani kabla ya marufuku ziliendelea kuuzwa na kununuliwa kihalali. Dhahabu ileile, Kruger yuleyule, jasho lilelile! Ina maana sheria haikuihukumu sarafu. Ilitazama njia ya pesa: ukinunua leo, pesa yako inakwenda kwa nani? Juni 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Marekani ilizuia kuingiza dhahabu ya Urusi kwa mtindo huohuo. Ile iliyokuwa tayari nje ya Urusi haikuguswa.

Kipimo hicho nakikubali. Ila kikifika mtandaoni kinapinda. Tuseme yupo mwalimu mstaafu wa Kirusi (namtunga tu, ndiyo kazi ninayojifunza) mwenye rubli ya mwaka 1924, ile ya mfanyakazi akimwonyesha mkulima jua linachomoza. Si dhahabu, na dola iliyoitengeneza ilikufa 1991. Anataka kuiuza apate dawa. Atalipwaje? Machi 2022 Visa, Mastercard na PayPal zilisitisha huduma zao Urusi. Basi anunue nyingine ajifariji? Aa wapi! Nchi za Umoja wa Ulaya ziliziweka sarafu za zamani, zisizo fedha halali tena, kwenye orodha ya anasa ambazo zikizidi euro 300 haziuzwi Urusi.

Mtu atanijibu: hata pesa ya mzee huyo itapita benki za Urusi, benki zinalipa kodi, kodi inanunua makombora. Ni kweli, na siwezi kumwambia mama aliyefiwa Kharkiv kwamba kwanza tumhurumie mkusanya sarafu. Ila naona tofauti kati ya dola inayouza dhahabu kwa tani na mzee anayeuza kumbukumbu moja. Mtandao hauioni. Wenyewe unauliza nchi tu.

Hapo ndipo wajanja wanapoingia. Sarafu inapitishwa kwa rafiki nchi ya tatu, kwenye kifurushi panaandikwa uongo, na mnunuzi anajifanya hajui. Ukiniuliza mimi: sarafu mpya inayong'aa, iliyotoka benki ya serikali inayopigana, nisingeigusa hata kwa nusu bei. Rubli ya mzee ningeitamani, tena sana, lakini si kwa kuandika uongo juu ya bahasha. Ningemwomba anitunzie, huku nikijua kwamba kutunziwa hakumnunulii dawa.