Noti Ndani ya Mchele

Jioni ya tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alitangaza kwenye televisheni kwamba kuanzia usiku wa manane noti za rupia 500 na 1,000 hazitakuwa pesa halali tena. Hizo zilikuwa kama asilimia 86 ya thamani ya noti zote nchini! Alikuwa anawatafuta wenye pesa chafu. Kumbe kuna akina mama waliokuwa wamebana kidogo kidogo kutoka pesa ya matumizi, wakaficha kwenye mkebe wa mchele au katikati ya sari zilizokunjwa. Sasa ilibidi zitolewe, mume akiona.

Serikali ilisema mama wa nyumbani akiweka benki hadi rupia 250,000 hatahojiwa. Haya, na nyumbani je?

Je, huyo mama alikuwa mwongo? Nilisomea biashara, na darasani pesa iliyolala kwenye mkebe ni hasara, haizai kitu. Sawa. Lakini hesabu ile haikuuliza nini hutokea pesa ikijulikana iko. Mtoto akiugua usiku, ni mkebe unaofunguliwa. Mimi siwezi kumwita mwizi. Namwuliza zaidi mume: mbona hakuweza kukuambia?

Na tusiwacheke Wahindi. Mwaka 2019, hapa Kenya noti ya zamani ya elfu moja ilipoondolewa, ni magodoro mangapi yaliinuliwa katika nyumba zetu?