Panya Alikufa kwa Ajili ya Nani?



Jumapili iliyopita, kijana wetu mmoja anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Moi alinishika mkono nje ya kanisa. "Pasta, ati panya anazibwa mshipa makusudi apate kiharusi, ndio wajaribu dawa. Hiyo si dhambi?" Sikuwa na jibu la haraka.

Wengi wetu tumeona kogo akiamka mdomo umepinda, mkono haunyanyuki. Mara nyingi ni damu iliyoganda ikaziba mshipa wa ubongo. Sehemu moja hufa upesi, lakini ya pembeni hubaki ikipigania uhai kwa saa kadhaa. Watafiti wanatafuta dawa ya kuilinda hiyo. Huwezi kumziba mtu mshipa ili ujaribu, kwa hivyo panya hupewa dawa ya usingizi, kisha mshipa wake huzibwa kwa uzi mwembamba.

Mwanzo 1 inatupa mamlaka juu ya wanyama. Lakini Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa vile anavyojali mnyama wake. Ukichinja kondoo mgeni ale, ni sawa. Ukimchinja halafu uache nyama ioze, utajibu.

Na nyama imeoza sana. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa dhidi ya kiharusi. Za kulinda ubongo, zilipofika kwa wagonjwa, karibu zote zilianguka. Moja iliitwa NXY-059. Iliwasaidia wanyama vizuri, lakini mwaka 2007 jaribio la wagonjwa zaidi ya 3,000 lilionyesha haisaidii. Kwa nini dawa nyingi zilianguka hivyo? Mara nyingi panya walikuwa vijana wenye afya, tena walipewa dawa mapema. Kogo wetu ana presha na sukari, na anafika hospitali jioni. Isitoshe, wapimaji wengine walijua ni panya yupi amepewa dawa, na majibu mabaya mengine yakafungiwa kabatini.

Hapo ndipo naona dhambi, wapendwa: kuchukua uhai wa kiumbe halafu kuficha ukweli uliotokana nao. Yesu alisema shomoro haanguki bila Baba kujua. Je, panya?

Lakini si wote walikufa bure. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilijaribiwa kwa sungura, matokeo yakatangazwa mwaka 1985. Miaka kumi baadaye ilithibitika kwa watu. Leo inaokoa, mradi mgonjwa anayefaa kuipata afike mapema, kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu.

Basi kijana wangu, jibu langu ni hili. Kazi hiyo yaweza kuwa halali, lakini ni deni. Mnyama asiumizwe bila sababu, wasitumike wengi kuliko inavyohitajika, na ukweli usemwe hata ukikuaibisha. Siku ukiingia maabara, hiyo nayo ni ibada yako.

Sisi wengine je? Deni ni letu pia. Dawa za presha tunazomeza zilipitia kwa wanyama. Ukizitupa ati umepona, na hujapimwa, hujamheshimu Mungu wala kiumbe chake. Pimeni presha. Na mdomo wa mtu ukipinda usiku, msingoje asubuhi. Ombeni, ndiyo, lakini ombeni mkiwa ndani ya gari, njiani kwenda hospitali.

Mungu awabariki.