Chomoeni Plagi Kabla ya Kengele ya Mkunazini

Wajukuu zangu, nimeuona mvinje wa Krismasi umeegemezwa pale chini ya ngazi, nikafurahi. Utotoni nilikuwa nikienda pwani kwa baiskeli kuomba tawi kama hilo. Tulilisimamisha kwenye debe la mchanga, tukalivisha pamba na karatasi za rangi. Kwa hiyo sikukatazeni kupamba. Pambeni!

Ninaloomba ni moja tu: msilale, wala msitoke nyumbani, taa za mti zikiwaka. Nakusihini, wanangu.

Mvinje ukikatwa leo, kwa joto hili la kaskazi wiki haipiti yale majani membamba yanaanza kupukutika kwenye zulia. Wanaopikia kuni wanajua mvinje mkavu unavyowaka. Mimi husema, tawi lililokauka halina kiu tena, linangojea cheche. Na mti wa plastiki msiuamini. Moshi wake humuua mtu usingizini, moto wenyewe bado uko chumba cha pili.

Halafu tazameni tunapoishi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, sawa, lakini inueni macho: dari imebebwa na boriti za mikoko. Ngazi ni mbao, milango ni mbao, roshani ni mbao. Ukuta wetu ndio ukuta wa jirani. Na hicho kichochoro ambacho mkokoteni unapita kwa kubishana, gari la zimamoto litapita wapi?

Nyumba hizi ni wazee, kama mimi. Beit al-Ajaib, fahari ya Forodhani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi yenyewe, ikaua watu 2. Haukuwa moto ule, lakini tulijifunza kwamba nyumba kongwe haiombwi ivumilie kila kitu.

Nayo soketi ya sebuleni mmeifanya punda: friji, feni, televisheni, na juu yake taa za mti, waya umepitishwa chini ya zulia. Jioni uguseni waya huo. Ukiwa na joto mkononi, chomoeni papo hapo. Msiseme “kesho”. Cheche haipigi hodi, wanangu.

Nimeshaona. Nilikuwa kijana, usiku wa mkesha, mshumaa ulianguka kwenye mti katika nyumba moja mtaani kwetu. Wenyewe wote walikuwa kanisani wakiimba. Walioamka ni majirani Waislamu. Walivunja mlango, wakapanga mstari wa ndoo kutoka bombani mpaka ghorofani. Chumba kiliungua, nyumba ikapona. Mama mwenye nyumba alirudi na nguo zake za sikukuu, akakaa barazani mpaka alfajiri bila kusema neno. Sitaki kumwona mama yenu amekaa vile.

Mnadhani mti bila taa si mti? Krismasi ya 2009 Unguja nzima haikuwa na umeme wa gridi. Waya wa chini ya bahari uliharibika tarehe 10 Desemba, na umeme ukarudi Machi 2010. Mti wetu ule tuliutundikia asumini na karatasi za pipi, nyumba ikanukia mpaka kichochoroni. Hakuna mtoto aliyelalamika kwamba sikukuu haikufika.

Basi washeni taa mkiwa mmekaa nazo, mkizitazama. Debe litieni maji kila asubuhi. Mshumaa usikaribie tawi kabisa, nakuombeni kwa mara ya tatu na ya nne.

Usiku wa mkesha tutakwenda sote Mkunazini, kwenye kanisa lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya 1873, pale palipokuwa soko la watumwa. Nyumba itabaki peke yake. Atakayekuwa wa mwisho kutoka achomoe plagi, aishike mkononi aione kwa macho yake, ndipo afunge mlango.